Barua kwa mwanangu: kabla hujapeleka fomu ya pili

Majengo, Pumwani
Jumatano usiku

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, na stima iliyopotea tangu alasiri, ndiyo maana unaona mwandiko umepinda. Ujumbe wako nimeusoma. Benki imekunyima kadi ya mkopo, na sasa unataka kupeleka fomu benki nyingine Ijumaa ili uende Kigali nayo mkononi. Nijibu hili kwanza: ile ripoti ya CRB, ya hao wanaotunza habari za madeni ya watu, umeitoa?

Najua utasema baba na maswali yake. Mimi ni fundi wa kanzu, kadi hizi nazisikia tu. Lakini yule mteja wangu aliyefanya kazi miaka mingi idara ya mikopo, anayeleta kitambaa siku tatu kabla ya Idi na kuitaka kanzu kesho yake, alipita juzi. Nikamweka kwenye benchi nikamsimulia habari zako bila kukutaja jina. Akaniambia, fundi, benki haitazami mshahara ulioandikwa juu, inatazama unaobaki chini. Wako wa juu ni mzuri, alhamdulillahi, na ploti nzima inaujua maana mama yako hana siri. Sasa toa kodi ya serikali, toa NSSF ya uzeeni, toa asilimia 2.75 ya bima ya afya, toa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, toa HELB ya mkopo wa chuo, toa ya sacco. Sheria ya ajira ya 2007 inakataza makato yapite theluthi mbili ya mshahara. Ukishaukaribia mstari huo, afisa wa benki haoni pa kuweka deni jingine.

Akauliza na kandarasi yako ni ya muda gani. Nikamwambia mwaka mmoja, na miezi mitano imeshakwenda. Akatikisa kichwa. Wewe ukiitazama unaona kazi, yeye anaona tarehe ya mwisho. Kijana mwenye mshahara mdogo kuliko wako, lakini ajira ya kudumu, anaweza kukupita mlangoni hivi hivi. Hapo hujakosea lolote, na nilimjibu hivyo, kwamba binti yangu ndiye wa kwanza kwetu kukaa kwenye ofisi yenye lifti.

Halafu akauliza kama kuna laini nyingine ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nikaanza kutafuta mkasi.

Lakini pana mahali ulipojikwaa mwenyewe. Mama yako ananiambia kwamba kwenye fomu, pale wanapouliza una watu wangapi wanaokutegemea, uliandika hakuna. Hakuna, mwanangu? Kila tarehe tano 6,000 inaingia hapa, na wewe mwenyewe umewapa taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Mtu ameketi anaisoma, anakuta jina la mama yako mara sita, kisha anarudi kwenye fomu anakuta hakuna. Atakuonaje? Mimi sikuudhika. Niliudhika kidogo. Ungeandika wawili, ingepunguza hesabu yako lakini wangejua unasema kweli. Na anwani uliyoandika ni ya hapa Majengo, na kodi unalipa Donholm. Hayo nayo huyaona.

Ule udhamini wa pikipiki ya kaka yako kwenye sacco pia unahesabika. Siku akishindwa, hisa zako ndizo zitakazoliwa. Wewe hukutaka kutia sahihi, najua nani alikusukuma.

Umeitoa hiyo ripoti au bado? Kampuni zinazotunza hizo habari ni kama Metropol, TransUnion na Creditinfo, na kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka. Ile hati ya kuonyesha huna deni ndiyo huweza kulipiwa, usije ukauziwa hati ukadhani ni ripoti. Na usipeleke fomu ya pili kabla hujaisoma, nakuomba. Kila unapoomba, benki huenda kuuliza kule, na kuuliza kwenyewe hubaki kumeandikwa. Maombi mawili mwezi mmoja yanamfanya mtu aonekane anahangaika.

Angalia HELB. Kazi ya kwanza ilipokwisha ukakaa nasi miezi saba, nani alikuwa akilipa? Faini yao ni 5,000 kila mwezi usiolipa. Ulisema utawaandikia, sijui kama uliwaandikia. Ulikuwa unalala mpaka saa nne.

Angalia na mikopo ya simu. Utasema hujawahi kukopa kwa simu, nami ninaamini. Lakini huenda ukakuta kitu cha 2019. Laini ile uliyoniachia uliporudi chuoni ilikuwa kwa kitambulisho chako. Ramadhani ilikuwa inakaribia, mota ya cherehani ikaungua, na vitambaa vya watu vimejaa rafu, wengine wameshalipa nusu. Ile simu kila jioni ilileta ujumbe wenyewe: umefuzu kupata 4,500. Zikachukuliwa. Zilikuwa zirudi baada ya Idi. Kisha ikaja karo ya kaka yako, simu ikaharibika kioo, ikawekwa kabatini, na kitu kikishaingia kabatini humu unajua mwenyewe.

Ingekuwa chini ya 1,000, kanuni za Benki Kuu za 2020 haziruhusu mtu kuorodheshwa kwa kiasi hicho. Lakini zilikuwa 4,500 na riba yake. Ndiyo, riba. Na mwezi uliopita nilikusomesha kutwa nzima juu ya riba ya kadi mpaka ukaondoka bila kula.

Jumatatu nimelipa zote, na ya juu yake. Nambari ya malipo nimeiandika nyuma ya karatasi hii, itunze. Mteja wangu anasema kulipa hakufuti, habari hukaa miaka mitano tangu siku deni lilipomalizwa, ila sasa itasomeka limelipwa, na mbele ya afisa hiyo si sawa na deni lililo wazi. Mkopeshaji asipopeleka taarifa mpya, ipinge kwa hao wa CRB kwa maandishi. Wakikuuliza nani alikopa, sema utakavyo.

Kuhusu Kigali, uliza ofisini kama wanaweza kuilipia hoteli moja kwa moja. Au nenda benki ile inapopitia mshahara wako, wao wanakufahamu kuliko hao wa pili. Wengine hutoa kadi kwa dhamana ya akiba yako mwenyewe, wanaizuia kwenye akaunti na wewe unatumia kiasi hicho. Ukiipata, usitolee pesa taslimu kwenye mashine. Riba ya hizo huanza siku ile ile, haingoji mwisho wa mwezi. Na usimwambie kaka yako kama unayo.

Mfereji wa ploti umekauka tangu Jumamosi, tunanunua mitungi. Pazia la sebuleni mama yako amelifua likachuja rangi, sasa anataka kitambaa kipya na ananitazama mimi, kana kwamba fundi hupewa vitambaa bure. Usitume 6,000 ya mwezi huu. Tuna kazi za harusi mbili, tutasukuma. Mama yako hajui kama nimekwambia hivyo, kwa hiyo akipiga simu wewe sema umebanwa.

Barua anakuletea kaka yako. Laini iko ndani ya bahasha, nimeizungushia plasta, na nambari ya siri ni ile ile ya mwaka uliozaliwa. Mpe hotipoti ya mama yako arudi nayo, ile kubwa ya kijani, anaiulizia tangu Idi.

Babako