Silikanti na udugu wake

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mama bado miguu inamsumbua.

Umeniandikia kwamba binti yako analia na ngazi za baiolojia: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Anazikariri zote, akiulizwa maana anakwama. Usimgombeze. Mwambie ni kama sisi tunavyotaja ukoo, kisha mlango, kisha tumbo. Kadiri unavyoshuka, watu wanapungua na udugu unakaribia. Zile mbili za mwisho ndizo zinazotoa jina la kisayansi, utaratibu ambao Carl Linnaeus wa Uswidi aliutumia kwa wanyama wote mwaka 1758. Mwanzoni alimweka nyangumi na samaki. Mwaka huo akamhamishia kwa mamalia.

Nami sikumwelewa Linnaeus mpaka nilipomkumbuka yule silikanti, samaki mkubwa wa kale wa vilindini, aliyenasa kwenye jarife la mjomba. Unakumbuka? Ilikuwa 2004, kabla ya hii hifadhi ya bahari ya 2009. Watu wamejaa ufukweni, na mimi nikapenya nikamshika pezi. Wewe umeparua changu maisha yako yote, unalijua pezi lake: miiba myembamba iliyotandazwa kama upepeo, imetokea moja kwa moja mwilini. La silikanti lilikaa mwisho wa kijikono cha nyama nene, na ndani nikausikia mfupa. Nikaachia upesi, mwili ukanisisimka.

Leo najua nilishika nini. Pezi lile linaungana na bega kwa mfupa mmoja, kama mkono wangu huu ninaoandikia. Kwa nasaba, silikanti yuko karibu na mimi na wewe, na ng'ombe, na hata kenge, kuliko alivyo karibu na jodari! Kwa hiyo "samaki" ni jina zuri la sokoni, tuendelee nalo, lakini wanaoitwa hivyo si tumbo moja. Na nguva je? Anaogelea bahari moja na pomboo, ila ndugu zake wa karibu ni tembo na pimbi wa majabalini.

Likizo ya Juni mlete huyo binti. Nitaondoka naye alfajiri mpaka Sahare, vyombo vikirudi, alifunue pezi la changu kwa vidole vyake mwenyewe.

Wako akupendaye,
Mama Zuhura