Mwacheni Hurley afungwe kidogo

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wako mmoja aliandika kwamba Dan Hurley, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, amekwisha, eti kwa sababu Machi 2025 Connecticut ilitolewa na Florida raundi ya pili ya mtoano wa NCAA, mashindano ya ubingwa wa vyuo vya huko, 77-75. Niliisoma barua ile nikacheka, kisha nikaona haya, maana mwaka 2022 ningeweza kuiandika mimi.

Naishabikia timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut tangu 2006, Hasheem Thabeet alipojiunga nayo. Jimbo lenyewe sikujua liko upande gani wa Marekani. Nilitaka tu kumwona kijana wa Dar es Salaam, sentimita 221, akiwazibia watu kikapu. Mwaka 2009 tulipofika nusu fainali na kufungwa na Michigan State 82-73, nilikuwa nimeshanasa. Thabeet akaenda NBA, ligi ya kulipwa, mimi nikabaki na chuo chake.

Kwa hiyo nilikuwepo 2014, Kevin Ollie, kocha wetu wa wakati huo, alipotupa ubingwa kwa kuifunga Kentucky 60-54. Fainali hizo kwa saa zetu huanza kwenye saa kumi alfajiri. Nilikwenda kazini sijalala na sikulalamika. Miaka minne baadaye Ollie huyo huyo alifukuzwa, nami nikashangilia. Misimu yake miwili ya mwisho alishinda 16 akafungwa 17, halafu akashinda 14 akafungwa 18. (Baadaye msuluhishi aliamuru chuo kimlipe zaidi ya dola milioni 11. Sisi tunaopiga kelele za "aondoke" bili hiyo haitufikii.)

Akaja Hurley. Msimu wa kwanza naye 16 kwa 17! Mwaka 2021 tukatolewa raundi ya kwanza na Maryland. 2022 raundi ya kwanza tena, safari hii na New Mexico State, timu iliyopangwa namba 12 kati ya 16 za kundi lake. Usiku ule nilimwambia mwanangu kwamba kocha huyu ni kelele tupu pembeni mwa uwanja, na kwamba ametupotezea miaka minne. Mwaka uliofuata tukawa mabingwa. Uliofuata tena tukawa mabingwa, tukiwa tumefungwa mechi tatu tu kati ya 40. Mwanangu hajaacha kunikumbusha.

Hasira yangu kwa Ollie na kwa Hurley ilikuwa ile ile, ila kwa mmoja nilikuwa sahihi na kwa mwingine nikaaibika. Tatizo, nadhani, ni kuhukumu kwa usiku mmoja wa Machi. Mtoano wa NCAA hauna marudiano, ukiteleza unafunga virago. Ningetazama misimu mizima ningeona kwamba Ollie alikuwa anashuka, na Hurley, hata akitolewa mapema, alikuwa anapanda: kutoka ushindi 16 hadi 23 mwaka ule ule niliomtukana.

Nitaulizwa, na John Calipari, aliyekuwa kocha wa Kentucky, je? Hapo mashabiki wa Kentucky siwalaumu kwa kumchoka. Aliwapa ubingwa 2012, na 2015 aliingia nusu fainali akiwa ameshinda mechi 38 bila kufungwa. Kisha 2022 akatolewa na Saint Peter's, na 2024 na Oakland, siku ambayo Jack Gohlke wa Oakland peke yake alipachika pointi tatu mara kumi. Vipigo vinavumilika. Kinachochosha ni kufungwa kwa namna ile ile, vijana wa mwaka wa kwanza wenye vipaji wakizidiwa maarifa na watu waliokwishakomaa chuoni. Matt Painter, kocha wa Purdue, alipata aibu kubwa zaidi 2023, kufungwa na Fairleigh Dickinson iliyopangwa namba 16, ya mwisho kabisa, lakini mwaka uliofuata alikuwa fainali. Calipari mwishowe alihamia Arkansas, na Machi 2025 Arkansas na Kentucky zote mbili zilifika kumi na sita bora. Ndoa ilikuwa imechoka tu.

Kipimo changu ni hiki. Ubingwa unampa kocha miaka minne ya kutosumbuliwa, muda ambao mwanafunzi kwa kawaida hukaa chuoni. Ikipita hiyo, waliolishangilia kombe wameshahitimu, na wageni wana haki ya kudai lao. Kombe la pili la Hurley ni la Aprili 2024, kwa hiyo kabla ya 2028 nisimsikie mtu. Tena huyu alipoteza wachezaji wanne kati ya watano walioanza fainali ile, wote wakachukuliwa na NBA, na bado akaibana hadi pointi mbili Florida ambayo ndiyo iliyotwaa ubingwa wa 2025. Anavyowafokea waamuzi sivipendi, nakiri. Hilo mkiliandikia barua nitatia saini.

Mwanangu ameniambia siwezi kuituma hii bila kuungama kwa maandishi. Haya: 2022 nilikosea.

Msomaji wako wa siku nyingi