Hasira haimfanyi mtu bondia

Bwana Mhariri,

Hapa Goma kijana mwenye hasira ndiye anayesifiwa kwenye ndondi. Linatuuma sisi tunaofundisha, maana hasira huonekana mwilini kabla ya ngumi: meno yanakazwa, mabega yanapanda, pumzi inashikwa. Apiganaye hivyo huchoka kabla dakika 3 za raundi hazijaisha. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, bingwa wa dunia George Foreman alirusha makonde mazito hadi mikono ikalegea; mpinzani wake Muhammad Ali, aliyevumilia kwenye kamba za ulingo, akamwangusha raundi ya 8.

Mazoezi ya wawili wawili yanataka glavu za aunsi 16, kinga ya meno, na nusu ya nguvu. Kocha akiona mmoja analipiza kisasi, asimamishe palepale, awape dakika 1 ya kupumua, kisha warudi na ngumi ya mkono wa mbele peke yake.

Aliyezimia kwa konde la kichwa aonwe na daktari, na asipigane kwa siku 90 angalau, hata mazoezini. Anayeapa kwamba ni mzima ndiye wa kuchungwa zaidi. Tunawaomba wazazi watusaidie kumzuia nyumbani.

Walimu wa ndondi,
Goma