Harambee ya Klabu ya Roboti: Chuma Tunacho, Tunahitaji Betri na Kizimba

Kwa wazazi, walezi, wanafunzi wa zamani na majirani wote wa shule yetu hapa Eastlands,

Hamjambo. Mnakaribishwa kwenye harambee ya klabu ya roboti, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, ukumbini. Tunatafuta shilingi 230,000. Tunajua kila mtu ana karo, kodi ya nyumba na michango ya matanga na harusi inayomsubiri kwenye simu, ndiyo maana tunaeleza mapema pesa zitakwenda wapi. Nyingi hazitaingia ndani ya roboti hata kidogo.

Vijana wanaunda roboti mbili za mapambano. Mbili, kwa sababu moja haina wa kupigana naye. Mchezo huu ulipata umaarufu Marekani baada ya Marc Thorpe kuandaa mashindano San Francisco mwaka 1994. Mashine mbili huingia kizimbani zikiongozwa kwa rimoti, zikasukumana na kupinduana kwa dakika 3, na ile isiyoweza kusogea imeshindwa. Zile kubwa za kwenye runinga hufika kilo 113. Za vijana wetu ni za daraja la pauni 3, yaani kilo 1.36, pungufu ya pakiti ya unga wa ugali.

Huo uzito ndio mwalimu mkali kuliko sisi sote. Bamba la chuma la sentimita 20 kwa 20, unene milimita 3, lina karibu gramu 940. Ukilifanya sakafu ya roboti, umebakiwa na gramu 420 za mota, betri, magurudumu na silaha. Bamba la alumini la kipimo hicho hicho halifiki gramu 330. Wanafunzi waliyapiga mahesabu hayo wenyewe ubaoni, na ule ushabiki wa "tuweke chuma kila mahali" ukaisha siku hiyo hiyo.

Basi kiunzi kitatokana na ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ule mweupe mzito unaouzwa Gikomba. Msicheke. Plastiki ile ikipigwa hujikunja kidogo na kurudi, haipasuki, na inakatwa kwa msumeno wa kawaida. Uso wa mbele, unaopokea kipigo, utakuwa mteremko wa chuma chembamba. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji, wanaokunja mabati ya masanduku na toroli za kubebea mizigo kutwa nzima, watatukunjia bila shida. Silaha ya roboti ya pili ni ufito unaozunguka, na huo utakatwa kutoka springi kuukuu ya matatu. Springi ni chuma kigumu kisichovunjika ovyo, na kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road vipande vyake vinapatikana. Sharti ni moja: isikatwe kwa gesi. Moto ule huharibu ukingo, pengine ukalainika, pengine ukawa mkavu wa kupasuka. Tutaikata kwa grainda, polepole, huku tukiimwagilia maji.

Kwa hiyo mwili wa roboti hauna gharama kubwa. Shilingi 13,000 zinatosha bolti, nati zenye pete ya nailoni ndani zisizolegea kwa mtikisiko, diski za grainda na miwani ya kukinga macho.

Gharama inaanzia kwenye vitu ambavyo havina mtumba. Zile mota ndogo za njano zinazojaa Luthuli Avenue ni nzuri kwa kufundishia, lakini gia zake ni za plastiki, na zikigonga ukuta mara moja meno yanakatika. Mota ya drili ya betri ina nguvu ya kutosha, ila pamoja na giaboksi yake ingemeza sehemu kubwa ya uzito wetu. Hiyo ni ya roboti za kilo 13.6. Tunahitaji mota ndogo zenye gia za chuma, mota ya silaha isiyo na brashi, vidhibiti vya kuziongoza, na rimoti ambayo ikikatika mawasiliano, roboti inazima papo hapo badala ya kuendelea kujiendea. Hapo ni shilingi 45,000 kwa roboti zote mbili, na tumetenga mota za akiba kwa sababu zitaungua. Hilo halina ubishi.

Betri na chaja yake ni shilingi 22,000. Kuna mzazi aliyeuliza kwa nini tusitumie seli za laptopu zilizokufa, na swali lake ni la haki kwa sababu vijana wameshaziokota. Seli zile hazikutengenezwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Roboti ikisukumana na mwenzake zinapata moto. Betri za lipo, yaani za lithiamu polima, zinaweza kazi hiyo, lakini nazo zina masharti yake: kila seli haipiti volti 4.2 ikichajiwa, haishuki chini ya 3 ikitumika, na ikitobolewa inaweza kulipuka moto. Ndiyo maana tunataka chaja inayosawazisha seli, mfuko usioshika moto, na ndoo ya mchanga kando ya meza. Betri haitachajiwa bila mwalimu chumbani.

Zinazobaki, shilingi 150,000, ni za kizimba.

Hapa wengi hushtuka. Ufito unaozunguka ukiongezewa kasi mara 2, nishati yake inakuwa mara 4. Bolti ikichomoka kwenye mwendo huo haijui mtoto wa nani amesimama wapi. Kizimba chetu ni cha futi 8 kwa 8, kuta na paa za polikaboneti, plastiki ang'avu isiyopasuka kirahisi, ya milimita 6. Paa ni la lazima, kwa kuwa vipande vingi huruka juu. Tulishauriwa tutumie plastiki ang'avu ya bei nafuu inayotengenezewa vibao vya maduka. Ile ikigongwa inavunjika vipande vyenye makali, na tumekataa. Pesa zisipotimia, roboti zitasukumana tu bila silaha ya kuzunguka hadi kizimba kikamilike. Kizimba cha nusu hatutajenga.

Kwa wanaosema tunawafunza watoto ugomvi: njooni karakana Alhamisi jioni mwone wanavyobishana juu ya gramu 12 za nati. Ugomvi ni huo.

Mchango unapokelewa kwa Paybill ya shule, ile ile ya karo. Kwenye sehemu ya akaunti andika ROBOTI na jina lako. Risiti zote za ununuzi zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mzazi yeyote anaweza kuandamana nasi siku ya kununua. Asiye na pesa alete kitu: mbao za plastiki, kipande cha springi, vipande vya alumini vya madirisha, au nusu siku ya fundi anayejua kuchomelea. Leteni karakana kabla ya harambee, mwandikiwe.

Betri za simu zilizovimba tafadhali msilete, hata za bure.

Kamati ya Wazazi, Klabu ya Roboti