Barua kwa Vijana Mliomaliza Diploma ya Uhandisi wa Ndege

Wanangu,

Nawaona asubuhi kwenye geti la uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, bahasha ya kaki kwapani, viatu vinang'aa. Askari anawaambia muache karatasi, mnaziacha, mnarudi kungoja matatu za mjini. Nilistaafu zamani, ila bado napita hapo kunywa chai, na hili limenikaa kooni.

Diploma si leseni. Leseni ya ufundi wa ndege hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na mwenye leseni iliyoidhinishwa kwa aina ile ya ndege ndiye anayetia sahihi kwamba sasa inaweza kuruka. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni miaka 4 ya kazi ya mikono, au 2 kwa aliyemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa. Kwenye hilo neno la mwisho ndipo wengi hukwama. Chuo kuwa na kibali cha TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, ni jambo moja, kozi kuidhinishwa na KCAA ni jingine kabisa. Mwenye mdogo wake anayetaka kujiunga, amwambie aulize kabla ya kulipa karo. Nyinyi mlioshamaliza, ulizeni wiki hii, mjue mnahesabu miaka mingapi.

Na miaka hiyo huhesabiwa kwa logibuku, daftari la kuandikia kila kazi uliyoifanya. Mimi nikiwa kijana nilipata kazi kwenye hanga moja ya kutengenezea ndege, sitaitaja. Miezi 14 nilibadilisha matairi, nikasafisha plagi, nikafungua na kufunga vifuniko vya injini mpaka nikaviota usiku. Jioni nimechoka, nasema nitaandika Ijumaa. Ijumaa nasema mwisho wa mwezi. Injinia aliyenisimamia akapata kazi Ghuba, akafungasha, akaenda. Nikabaki na kurasa nyeupe na miezi 14 isiyo na shahidi. Kwa hiyo andika siku ileile: tarehe, namba ya usajili wa ndege, kazi uliyoifanya, na sahihi uipate kabla injinia hajanawa mikono.

Kazi ndogo msiionee aibu. Mtapewa kufunga waya wa usalama kwenye chujio la oili. Ni waya mwembamba tu, unausokota, unauvuta upande wa kukaza. Ukiuvuta upande wa kulegeza, mzee hasemi neno. Anaukata kwa koleo na kukurudishia kipande. Chujio langu la kwanza nilikatiwa mara tatu. Nilikasirika, nikanuna hadi chakula cha mchana. Nikaja kuelewa kwamba chujio hilo likilegea, ndege iko juu ya Maasai Mara na oili inamwagika.

Tena hanga si spana peke yake. Kuna watu wa rekodi, wanaojua kila kipuri kimeruka saa ngapi. Kuna stoo, kuna wapangaji wa matengenezo, kuna wakaguzi wa ubora. Nimewaona waliokataa stoo kwa kiburi, na nimewaona walioingia kupitia stoo wakahamia kwenye ndege kwa sababu walishajua kila kipuri kwa namba yake. Wilson ina ndege ndogo, Cessna Caravan na wenzake. Hapo kijana hugusa mambo mengi mapema. Kule JKIA, uwanja mkubwa wa Nairobi, ndege ni kubwa, na kwa kawaida kila mtu na sehemu yake. Ningekuwa nyinyi, ningeanzia Wilson.

Kama anga imefunga, tazameni chini. Karibu na Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, kuna mitambo 365 ya umeme wa upepo, na pangaboi zake ni jamaa wa karibu wa bawa la ndege. Olkaria, Naivasha, kuna tabini za mvuke za kuzalisha umeme. Aliyefundwa kufuata kitabu cha matengenezo mstari kwa mstari hawezi kuwa mgeni huko.

Halafu kuna wale mabwana wenye suti wanaosema wana mtu ndani, toa kitu kidogo uingizwe hangani. Msiwape hata shilingi. Geti hilo nimelipita miaka mingi, na bwana wa suti simwoni ndani.

Chai yangu ni saa nne, kibanda cha nje. Akija mmoja wenu na logibuku nitaisoma ukurasa kwa ukurasa, na kalamu nyekundu ninayo. Akija na bahasha tu, nitamwagizia mandazi.

Mzee wenu wa hangani