Malalamiko kuhusu pedi za elektrodi zinazouzwa kuwa ni salama kwa ngozi ya binadamu

Mtaalamu wa Fiziotherapia,
Tanga.

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Utengenezaji na Usambazaji wa Vifaa Tiba.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PEDI LAINI ZA KUPITISHA UMEME ZINAZODHURU NGOZI ZA WAGONJWA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ninayeendesha kliniki ndogo hapa Tanga, na kwa muda mrefu nimekuwa nikinunua kwenu pedi za kubandika zinazotumika na mashine ya TENS, ile ya kutuliza maumivu kwa umeme. Ninalalamikia toleo jipya la pedi hizo, ambalo pakiti yake inasema limetengenezwa kwa nyenzo nyumbufu inayopitisha umeme na iliyo salama kwa ngozi ya binadamu. Tangu nianze kulitumia, wagonjwa wangu kadhaa wameumia ngozi mahali palepale pedi ilipokaa, na majibu niliyopata kutoka ofisi yenu hayakugusa chanzo cha madhara hayo.

Mmoja wao ni mama muuza samaki aliyekuja na maumivu ya shingo. Pedi ilipobanduliwa, iliacha utando wa kijivu unaonata, na chini yake ngozi ilikuwa ya moto, imetuna kidogo, yenye vipele vidogovidogo vilivyojipanga kufuata ukingo wa pedi. Baada ya siku chache ngozi hiyo ilibanduka, kisha ikabaki alama nyeusi ya mraba yenye pembe za mviringo, inayoonekana juu ya kola ya gauni lake. Maumivu ya shingo yamepungua, lakini alama haijaondoka, na watu humuuliza kama aliungua kwa pasi.

Karatasi yenu ya maelekezo inamtaka mtumiaji aache kutumia pedi endapo ngozi itakuwa nyekundu. Ningependa msome sentensi hiyo mkiwa mmekaa na mtu mweusi mbele yenu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni ngozi kuzidi kuwa nyeusi au kugeuka rangi ya zambarau iliyofifia, na kinachosikika kwa mkono ni joto na uvimbe. Mgonjwa anayesubiri wekundu ataendelea kubandika pedi hadi ngozi ivimbe na kutoka maji. Isitoshe, ngozi yetu ikishapata uvimbe wa namna hiyo huacha weusi unaoweza kukaa miezi mingi. Bidhaa inauzwa Tanzania, maelekezo yameandikwa kwa Kiswahili, lakini dalili ya hatari inayotajwa ni ya ngozi nyeupe. Ninajiuliza kama hata majaribio ya usalama yalipimwa kwa jicho hilohilo, kwa kuwa alama za muwasho hutolewa kwa kuangalia wekundu na uvimbe.

Nilipowasilisha malalamiko kwa mdomo, mwakilishi wenu wa mauzo alinieleza kwamba ngozi za wagonjwa hao ni laini kupita kiasi, na akanishauri niwe nasafisha ngozi kwa spiriti kabla ya kubandika. Ushauri huo ni mbaya. Spiriti huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kudhoofisha tabaka lake la juu kabisa, ambalo sehemu nyingi za mwili halizidi unene wa mikromita 20 hivi, na ambalo ndilo kinga kuu dhidi ya kemikali zinazotoka ndani ya pedi.

Baadaye nililetewa nakala ya cheti cha majaribio. Ninashukuru kwa hilo, ila cheti kinahusu jeli peke yake, yaani ule ute unaogusa ngozi na kupitisha umeme, kama ilivyotoka kwa aliyewauzia ninyi. Viwango vya kimataifa vya ISO 10993 vinavyohusu usalama wa vifaa tiba mwilini vinataka kifaa kitathminiwe katika hali yake ya mwisho, yaani kama kinavyomfikia mgonjwa. Sehemu ya 10 ya viwango hivyo inahusu uwezo wa nyenzo kuamsha mzio, na sehemu ya 23, iliyotolewa mwaka 2021, inahusu muwasho. Pedi yenu si jeli tupu. Ina tabaka la kaboni chini ya jeli, gundi pembezoni, plastiki ya kufunika mgongoni na kifungo cha chuma cha kuchomekea waya, na kila kimojawapo kina uwezo wa kudhuru ngozi kwa namna yake.

Nikianza na gundi, inajulikana vizuri kwamba kemikali za jamii ya akrilati zinaweza kuamsha mzio. Mwaka 2017 madaktari wa ngozi wa Ulaya walieleza jinsi isobornili akrilati iliyokuwemo katika vipima sukari vya kubandika mwilini ilivyowaletea wagonjwa wa kisukari mzio mkali, na mwaka 2020 chama cha Marekani cha wataalamu wa magonjwa ya ngozi ya mguso kiliitangaza kuwa kizio cha mwaka, yaani kiamsha mzio kilichostahili kuangaliwa zaidi mwaka huo. Mzio wa aina hii ukishaamka hauishi kwa kubandua pedi. Mtu anaweza kubaki nao maisha yake yote, na siku akihitaji kipima sukari au kifaa kingine chenye kemikali hiyo, ngozi yake itakikataa. Simaanishi kwamba pedi zenu zina isobornili akrilati. Ninalalamika kwamba hakuna mahali popote mlipoandika zina nini, hivyo daktari wa ngozi anayetaka kumpima mama yule hajui aanzie kwenye kemikali gani. Hata kihifadhi kinachozuia jeli isiote ukungu hakikutajwa, ilhali miongoni mwa vihifadhi vinavyotumika katika bidhaa za maji kuna methilisothiazolinoni, ambayo Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku katika vipodozi vinavyopakwa na kuachwa kwenye ngozi.

Kifungo cha chuma nacho kinanitia shaka. Katika pedi zilizotumika, rangi ya kung'aa imekwanguka na pembeni pana kutu ya kijani. Jasho lina chumvi, na chumvi hula metali. Kama chini ya mng'ao huo kuna nikeli, basi inayeyuka na kuingia kwenye jeli. Ulaya imeweka kikomo cha nikeli inayotoka kwenye vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu kuwa mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na kipimo chake hufanywa kwa kuloweka kitu ndani ya jasho la kutengenezwa kwa wiki nzima katika nyuzi joto 30. Je, kifungo chenu kimewahi kupimwa hivyo?

Lakini jambo ninaloliona kubwa zaidi ni plastiki ya mgongoni. Toleo la zamani lilifunikwa kwa kitambaa kinachopumua. Hili jipya limefunikwa kwa plastiki nzito. Ninaelewa sababu yake. Jeli hupitisha umeme kwa kuwa ina maji na chumvi, ikikauka haifai tena, na plastiki huyazuia maji yasitoroke. Kwa bahati mbaya, plastiki hiyohiyo huzuia pia jasho. Hapa pwani, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, ngozi iliyofunikwa namna hiyo hulowa na kulainika ndani ya muda mfupi, na ngozi iliyolowa hupitisha kemikali kwa urahisi kuliko ngozi kavu. Halafu jasho husukuma gundi, pembe za pedi hunyanyuka, na umeme wote hulazimika kupita kwenye sehemu ndogo iliyobaki imeshika. Pedi ya sentimita 5 kwa 5 ina eneo la sentimita za mraba 25. Nusu yake ikinyanyuka huku mashine ikiendelea kutoa kiasi kilekile cha umeme, ngozi iliyobaki inapokea mara mbili ya kilichokusudiwa. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, IEC 60601-2-10, kinataka mtumiaji atahadharishwe pale umeme unapoweza kuzidi miliampia 2 kwa kila sentimita ya mraba. Katika karatasi yenu sikuona tahadhari hiyo, wala neno lolote kuhusu pedi iliyonyanyuka.

Najua kwamba kutengeneza nyenzo inayonyumbuka kama ngozi, inayopitisha umeme vizuri na isiyomdhuru mtu ni kazi ngumu. Ukiongeza kaboni au metali ili umeme upite, nyenzo inakakamaa. Ukiongeza maji ili iwe laini, inakauka. Hata hivyo njia zinatafutwa na zinapatikana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, wakiwa na Takao Someya, walichapisha kazi yao ya wavu wa nyuzi za dhahabu nyembamba sana unaoruhusu hewa na jasho kupita, na walipoubandika kwenye ngozi za watu 20 kwa wiki moja haukuleta uvimbe. Sidai pedi za dhahabu kwa wagonjwa wangu. Ninachosema ni kwamba wale watafiti waliliona jasho kuwa sehemu ya tatizo la kutatuliwa tangu mwanzo, na ndivyo nilivyotarajia kutoka kwa kampuni inayouza bidhaa yake katika miji ya joto.

Kwa hiyo ninaomba mnipatie kwa maandishi orodha kamili ya viambato vya jeli, gundi na kifungo, ili wagonjwa walioathirika wapimwe ipasavyo, pamoja na matokeo ya majaribio ya pedi nzima, yakionyesha ilijaribiwa kwenye ngozi za rangi gani na katika joto na unyevu wa kiasi gani. Maneno ya kudai usalama kwa ngozi yaondolewe kwenye pakiti hadi majaribio hayo yawepo, na karatasi ya maelekezo irekebishwe ili itaje joto, uvimbe, kuwasha na ngozi kuzidi weusi kuwa dalili za kuacha kutumia. Ninaomba pia mchukue pakiti zilizobaki kliniki kwangu na kunirudishia fedha, na mgharamie matibabu ya ngozi ya wagonjwa wale.

Nimehifadhi pedi zilizotumika, pakiti zenye namba za toleo, na picha zilizopigwa kwa idhini ya wagonjwa. Mtaalamu wenu anakaribishwa kuja kuzikagua. Taarifa ya madhara haya nimeiwasilisha pia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ninatarajia majibu yenu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, na kwa sasa nimesitisha kutumia pedi hizo kwa mgonjwa yeyote.

Wako mwaminifu,

Mtaalamu wa Fiziotherapia,
Tanga.

Nakala: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania.