Maumivu ya hedhi yasemwe hata unyagoni

Mhariri,

Huku kwetu Mtwara msimu wa unyago ukifika, mabinti wanafundishwa mengi kuhusu hedhi: usafi, staha, nani wa kumwambia na nani wa kumficha. Nawaomba makungwi, kupitia gazeti lako, waongeze na hili: maumivu yanayomlaza binti chini kila mwezi, akatapika, akakosa shule, si ya kuvumilia. Apelekwe hospitali.

Mimi niliambiwa ni chango. Nikanywa mizizi, nikaambiwa nikizaa litaisha. Nimezaa, halikuisha. Daktari ndiye aliyenieleza kuwa ni endometriosisi: nyama mfano wa ile inayotanda ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake, kwenye ovari, kwenye mirija, hata kwenye utumbo, ikaleta uvimbe na makovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata wanawake na wasichana wapatao asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa. Dawa ya kuimaliza kabisa haijapatikana. Zipo za kutuliza maumivu, zipo za homoni, na upo upasuaji.

Dawa nilizoandikiwa natumia. Lakini kazi yangu ni kubangua korosho, kutwa nimejikunja kwenye kigoda, na maumivu yakija kiuno na nyonga vinakaza kama kamba iliyolowa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanifundisha yoga. Alfajiri natandika mkeka, napiga magoti, nakalia visigino, nainama mpaka paji la uso liguse chini, mikono nimeinyoosha mbele. Navuta pumzi kwa pua hadi tumbo lijae, naiachia taratibu, mpaka nasikia misuli ya nyonga inalegea. Siku nikizidiwa nalala chali, nakunja magoti, napumua tu.

Maumivu hayajaondoka. Ila hayanikuti tena nimejikaza kwa hofu, na usingizi napata.

Wapo wanaoniuliza kama hiyo si ibada ya Kihindi. Yoga asili yake ni India, na wako wanaoifanya kwa imani yao. Mimi nachukua kunyoosha viungo na kupumua. Swala zangu ziko palepale.

Naziomba kliniki zetu: mwanamke akiandikiwa vidonge, aelekezwe na mazoezi haya papo hapo, kwa vitendo. Na wenye viwanda vya korosho watupe nafasi ya kuinuka na kujinyoosha kabla ya mchana, hasa wale tulio kwenye siku zetu.

Mbangua korosho,
Mtwara